Tofauti za Matukio ya Kipanya katika Vivinjari vya Wavuti: Chanzo na Tiba Yake

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu tatizo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, si la wanaisimu. Walimu wa Kiswahili katika vyuo mbalimbali wamekuwa wakitengeneza kurasa za wavuti kwa ajili ya masomo yao: kamusi ambamo msomaji hubofya neno akaonyeshwa maana yake, mazoezi ya kupanga maneno ili yaunde sentensi, matini za kale zilizoambatanishwa na maelezo ya msamiati. Kurasa hizo huandikwa kwa lugha ya programu iitwayo JavaScript, na mara nyingi mwandishi wake ni mwalimu mwenyewe, si fundi wa kompyuta. Ukurasa ukifanya kazi katika mashine yake, hudhaniwa kuwa umekamilika. Kisha huja malalamiko. Mwanafunzi mmoja anabofya neno na hapati kitu. Wa pili anapata maana, lakini kisanduku chake kimejitokeza mbali na neno lenyewe. Wa tatu, anayetumia simu, hawezi kusogeza neno hata moja. Mwalimu akiujaribu ukurasa ule ule haoni kasoro yoyote.

Hasara inayotokana na jambo hili si ndogo. Kazi ya miaka, yenye vidahizo vilivyokusanywa kwa jasho, huachwa ikaoza kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo ambao hakuna aliyejua mahali pa kuutafuta. Nia yetu ni kuonyesha mahali hapo. Hoja tunayoitetea ni kwamba tofauti baina ya vivinjari ni za aina mbili, na kwamba aina iliyo hatari ni ile ambayo mwanaisimu ana zana za kuitambua.

2.0 Istilahi na historia kwa ufupi

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za wavuti. Kipanya (wengine husema puku) hakiwasiliani na ukurasa moja kwa moja. Kila kinaposogezwa au kitufe chake kinapobonyezwa, kivinjari hutunga taarifa iitwayo tukio na kuikabidhi kwa sehemu ya msimbo iliyoandaliwa kuipokea. Sehemu hiyo tutaiita kiitikio. Tukio lina jina, mathalani mousedown kitufe kinapobonyezwa, mouseup kinapoachiliwa, na click kwa mbofyo mzima. Tena lina sifa zenye thamani: kitufe gani, mahali gani, juu ya kipengele gani cha ukurasa.

JavaScript ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa toleo lake katika Internet Explorer 3. Kufikia mwaka 1997 kampuni hizo mbili zilikuwa na matoleo ya nne ya vivinjari vyao, na kila moja ilikuwa imejiundia mfumo wake wa matukio. Netscape ililishusha tukio kutoka juu ya ukurasa kwenda kwenye kipengele kilichobofywa. Microsoft ililipandisha kutoka kwenye kipengele kwenda juu. Netscape ilimkabidhi mwandishi tukio kama kitu cha kupokewa na kiitikio. Microsoft ililiweka mahali pa wazi, katika window.event, anayelihitaji alichukue. Shirika la W3C, linaloratibu viwango vya wavuti, lilitoa usanifishaji wake mwezi Novemba 2000, likakubali njia zote mbili za kushuka na kupanda. Lakini Internet Explorer haikufuata sehemu hiyo ya usanifishaji hadi toleo la 9, mwaka 2011. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, basi, mwandishi wa ukurasa alilazimika kuzungumza lahaja mbili kwa wakati mmoja. Internet Explorer ilistaafishwa mwezi Juni 2022, lakini msimbo ulioandikwa kwa ajili yake ungali umelala katika kurasa nyingi za masomo, nao ndio unaoleta sehemu kubwa ya matatizo tunayoyajadili.

3.0 Tofauti zenye kelele na tofauti za kimya

Aina ya kwanza ya tofauti ni pengo la msamiati. Kivinjari kimoja kina neno ambalo kingine hakina. Internet Explorer ya zamani haikuwa na addEventListener, bali ilikuwa na attachEvent. Haikuwa na target, bali srcElement. Msimbo unapoita amri isiyokuwapo, kivinjari hulalamika na kuandika kosa katika orodha yake ya makosa. Sifa isiyokuwapo nayo hurudisha thamani ya kutofafanuliwa, na kwa kawaida kosa hujitokeza hatua moja mbele. Pengo la aina hii lina kelele, na kwa sababu hiyo si gumu sana kulitibu.

Aina ya pili ni ile ambayo neno lipo katika vivinjari vyote, nalo hurudisha thamani halali, ila maana ya thamani hiyo si moja. Hapa hakuna kosa linaloandikwa popote. Mfano bora ni sifa ya button, inayotaja kitufe kilichobonyezwa. Katika usanifishaji wa W3C, 0 ni kitufe cha kushoto, 1 ni cha kati, na 2 ni cha kulia. Katika Internet Explorer hadi toleo la 8, kushoto kulikuwa 1, kulia 2, na kati 4. Vitufe viwili vikibonyezwa pamoja thamani zilijumlishwa, hivyo kushoto na kulia kwa pamoja vilikuwa 3. Netscape 4 ilikuwa na sifa nyingine, which, ambayo kwayo kushoto ni 1, kati ni 2, kulia ni 3.

Msomaji ataona kuwa 2 ina maana moja katika mifumo miwili ya kwanza, na kwamba 1 ndiyo yenye mtego. Tuchukue kiitikio kilichoandikwa mwaka 2000 kwa ajili ya Internet Explorer:

(1)
neno.onmousedown = function () {
  if (window.event.button == 1) onyeshaMaana(neno);
};

Katika kivinjari cha leo msimbo huu ni sahihi kisarufi. Hautoi kosa. Ila unamngojea msomaji abonyeze kitufe cha kati, jambo ambalo wengi hawalifanyi kamwe. Ukurasa haujafa, umenyamaza. Mwalimu anayetafuta kosa katika orodha ya makosa atatafuta hadi kesho.

3.1 Pale dalili inapochukuliwa kuwa utambulisho

Waandishi wa siku zile hawakuwa wazembe. Walijua kuwa mifumo ni miwili, wakaandika msimbo unaouliza kwanza uko katika mfumo upi:

(2)
function niKushoto(tukio) {
  if (window.event) return window.event.button == 1;
  return tukio.button == 0;
}

Mantiki yake ni hii: window.event ni mali ya Microsoft. Ikiwapo, basi tumo katika Internet Explorer, na kushoto ni 1. Wakati huo hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Lakini Safari, na baadaye Chrome iliyotolewa mwaka 2008, zilichukua window.event kutoka kwa Microsoft ili kurasa za zamani zisikwame, huku button zikiifuata kwa maana ya W3C. Mfano (2) ukifunguliwa katika Chrome hutumia sarufi ya mmoja na msamiati wa mwingine. Firefox ilibaki salama kwa sababu haikuwa na window.event, ilipoiongeza baadaye, kurasa zilizokuwa zikifanya kazi ndani yake kwa miaka mingi zilinyamaza bila mtu kuzigusa. Tunadhani kisa hiki kinaeleza malalamiko mengi ya aina ya "zamani ilikuwa ikifanya kazi".

Kosa la kimantiki hapa wanaisimu wanalifahamu vyema. Ni kosa la yule anayesikia msemaji akitamka neno moja la Kimvita akahitimisha kuwa kila neno litakalofuata litakuwa la Kimvita. Sifa moja ya lahaja haithibitishi uwepo wa nyingine, hasa pale ambapo wasemaji wamechanganyika kwa muda mrefu, na vivinjari vimechanganyika kuliko watu wa bandarini.

Kuuliza jina la kivinjari hakusaidii. Sifa ya navigator.appName, iliyokusudiwa kutaja jina hilo, leo hurudisha neno "Netscape" katika vivinjari vyote vikuu, ilhali Netscape yenyewe haipo tena. Ni jina lililobaki bila kirejelewa, na limeingizwa katika viwango rasmi hivyo hivyo. Sababu yake ni kwamba kurasa nyingi za kale ziliwafungia mlango wasiojiita Netscape, na kila kivinjari kipya kikalazimika kudai ukoo huo ili kikaribishwe.

Tiba iliyo salama ni kuuliza swali la kitu kinachohitajika, si la ukoo. Kwa kuwa toleo la Internet Explorer lisilofuata usanifishaji halihitaji kuhudumiwa tena, mfano (2) unaweza kubadilishwa wote ukawa mstari mmoja unaolinganisha tukio.button na 0. Ushauri wetu ni kufuta matawi ya kale badala ya kuongeza matawi mapya juu yake. Tumeshuhudia viitikio vyenye masharti saba ambavyo vingetosheka na moja.

3.2 Sifuri yenye maana mbili

Hata ndani ya usanifishaji wenyewe upo utata. Katika tukio la mousemove, yaani kipanya kinaposogea, button ni 0 hata pale ambapo hakuna kitufe kilichobonyezwa. Sifuri hiyo haimaanishi kushoto. Ni nafasi isiyo na kitu, mithili ya mofimu kapa. Mwandishi anayetaka kujua kama msomaji anaburuta neno huku ameshikilia kitufe, akaipima button, atapata jibu la ndiyo wakati wote, na neno litamfuata msomaji hata baada ya kuliachilia.

Swali la "kitufe gani kimebadilika?" na lile la "vitufe gani vimeshikiliwa sasa?" ni maswali mawili, na usanifishaji wa baadaye ukayapa maneno mawili: button kwa la kwanza, buttons kwa la pili. Katika buttons kushoto ni 1, kulia ni 2, kati ni 4, na thamani hujumlishwa. Huo ni mfumo wa Internet Explorer ulioachwa, umerudi kwa jina la wingi. Ni desturi kuilaumu Microsoft kwa vurugu hizi, na lawama nyingine ni za haki. Lakini katika jambo hili ilikuwa imeuliza swali la maana, ila jibu lake ikaliweka penye swali jingine.

4.0 Mahali: suala la chanzo cha kuhesabu

Msemaji wa Kiswahili ana faida ya kuzaliwa nayo katika sehemu hii. Anapoambiwa "saa mbili asubuhi" na kuonyeshwa saa iliyoandika 8, hababaiki. Anajua kuwa wakati ni mmoja na kwamba tofauti iko mahali hesabu inapoanzia. Mahali pa kipanya pana hesabu za namna hiyo zaidi ya mbili. Sifa za clientX na clientY huhesabu kutoka pembe ya juu kushoto ya sehemu ya ukurasa inayoonekana; pageX na pageY kutoka mwanzo wa ukurasa wote, pamoja na sehemu iliyokwisha kupandishwa juu isionekane; screenX na screenY kutoka pembe ya skrini; offsetX na offsetY kutoka pembe ya kipengele kilichopokea tukio.

Kosa la kuchanganya jozi mbili za kwanza lina dalili isiyofichika. Kisanduku cha maana hutokea mahali pake msomaji akiwa juu kabisa ya ukurasa, kisha huzidi kupotoka kadiri anavyoshuka. Upotofu huo ukipimwa, utalingana sawasawa na umbali ambao ukurasa umesogezwa. Dalili hiyo ikionekana, hakuna haja ya kutafuta zaidi: clientY imetumika mahali pa pageY, au kinyume chake.

Chanzo cha kihistoria ni kwamba Internet Explorer hadi toleo la 8 haikuwa na pageX. Waandishi waliipata kwa kujumlisha clientX na umbali wa kusogezwa, na umbali huo ulihifadhiwa mahali pawili: ama katika document.documentElement ama katika document.body, kutegemea kama ukurasa ulianza na tamko la aina yake au la. Chrome nayo kwa miaka mingi iliuweka katika body kinyume na usanifishaji, ikabadilika mwaka 2017. Kurasa zilizosoma mahali pamoja tu zilipotoka siku hiyo. Leo pageX ipo kila mahali. Sifa ya offsetX ilichelewa katika Firefox hadi mwaka 2015, ndiyo maana msimbo wa kabla ya hapo una hesabu ndefu za kuitafuta.

5.0 Kupita juu, kutoka, na gurudumu

Mara nyingi maana ya neno huonyeshwa msomaji anapopitisha kipanya juu yake bila kubofya. Ikiwa ndani ya neno hilo kuna sehemu iliyoandikwa kwa italiki, mathalani mzizi uliopambanuliwa na viambishi vyake, kisanduku huweza kupepesa. Sababu ni kwamba tukio la mouseout hutokea pia kipanya kinapotoka kwenye kipengele kikubwa na kuingia katika kilicho ndani yake, na taarifa hiyo hupanda juu. Internet Explorer 5.5 ilileta mouseenter na mouseleave, ambayo hayasumbuliwi na vipengele vya ndani. Firefox iliyakubali mwaka 2012 na Chrome mwaka 2013, na sasa hakuna sababu ya kutoyatumia.

Gurudumu lilikuwa na vurugu zake: thamani ya 120 kwenda juu katika kivinjari kimoja, 3 kwenda chini katika kingine, tena alama za jumlisha na toa zikiwa zimegeuzwa. Tukio sanifu la wheel limeondoa sehemu kubwa ya vurugu hizo. Lililobaki ni kipimo: deltaY huweza kuhesabiwa kwa pikseli, kwa mistari, au kwa kurasa, na deltaMode ndiyo inayotaja kipimo kilichotumika. Thamani isiyo na kipimo si habari.

Aidha, si kila tofauti ni ya kivinjari. Kitufe cha kulia kinapobonyezwa, tukio la contextmenu hutokea katika Windows baada ya kitufe kuachiliwa; katika Mac na Linux hutokea mara tu kinapobonyezwa. Ukurasa unaotegemea mpangilio mmoja utaharibika katika mwingine, hata kivinjari kikiwa kile kile.

6.0 Namna ya kuchunguza

Hatua ya kwanza ni kupunguza. Ukurasa wenye vidahizo elfu tano hauwezi kumwambia mchunguzi kitu. Na aunde ukurasa mpya wenye neno moja na kiitikio kimoja, aone kama kasoro ingalipo. Kisha aongeze sehemu moja moja hadi itokee. Anachotafuta ni kile ambacho katika fonolojia tunakiita jozi ya mlinganuo finyu: kurasa mbili zinazotofautiana kwa kitu kimoja tu, moja nzima na moja mbovu.

Hatua ya pili ni kurekodi. Badala ya kukisia, kila tukio liandikwe kwa mpangilio lilivyotokea, pamoja na thamani zake:

(3)
["mousedown", "mouseup", "click", "contextmenu"].forEach(function (jina) {
  document.addEventListener(jina, function (t) {
    console.log(jina, t.button, t.buttons, t.clientY, t.pageY);
  }, true);
});

Neno true mwishoni huagiza tukio lisikilizwe linaposhuka, kabla ya kiitikio kingine kulizuia. Msimbo huu ufunguliwe katika vivinjari viwili, kitendo kile kile kifanywe, na orodha mbili zilinganishwe mstari kwa mstari.

Wapo wanaotumia amri ya alert ili thamani ijitokeze katika kisanduku mbele yao. Hili halifai. Kisanduku hicho kikitokea wakati wa mousedown, humnyang'anya msomaji kipanya, na mouseup haiufikii ukurasa kabisa. Mchunguzi anaandika kasoro aliyoisababisha mwenyewe. William Labov alikwisha kutuonya kuhusu mtafiti wa lugha ambaye uwepo wake hubadilisha usemi anaotaka kuusikia.

7.0 Simu na mguso

Wanafunzi wengi sasa hufungua kurasa hizi kwa simu, ambayo haina kipanya. Baada ya mguso, kivinjari cha simu huigiza kipanya: hutuma mousemove, mousedown, mouseup na click kwa mfululizo, ili kurasa za zamani zisikwame. Maigizo hayo hutosha kwa mbofyo, lakini hayatoshi kwa kupita juu, kwa kuwa kidole hakielei. Maana ionyeshwayo kwa mouseenter peke yake haina njia ya kuaminika ya kumfikia mtumiaji wa simu.

Safari ya iPhone iliongeza kikwazo ambacho kwa miaka mingi kiliwahangaisha waandishi wa kamusi: click iliyofanywa juu ya neno la kawaida, lisilo kiungo wala kitufe, haikupanda hadi kwenye document. Kiitikio kimoja kilichowekwa juu ili kihudumie maneno yote, mbinu nzuri kwingineko, hakikuitwa. Ilitosha kuyapa maneno hayo mtindo wa cursor: pointer ili yahesabiwe kuwa yabofyekayo.

Suluhisho la jumla ni matukio ya kielekezi, yaliyosanifishwa na W3C mwaka 2015: pointerdown, pointermove, pointerup. Kipanya, kidole na kalamu hutoa matukio yale yale, na pointerType hutaja kilichotumika. Chrome iliyapokea mwaka 2016, Firefox mwaka 2018, na Safari mwaka 2019. Tena pointermove imeutatua utata wa sifuri: kitufe kisipobadilika, button ni -1.

Anayehamisha zoezi la kupanga maneno kutoka mousemove kwenda pointermove atakutana na jambo moja la mwisho. Katika kompyuta zoezi litakwenda vizuri. Katika simu neno litasogea kidogo kisha likwame. Orodha ya matukio itaonyesha pointercancel mahali palipotarajiwa pointerup: kivinjari kimeamua kuwa kidole kinasogeza ukurasa, kikamnyang'anya mwandishi mguso huo. Maneno yanayoburutwa yapewe mtindo wa touch-action: none, na yawe hayo tu, kwani mtindo huo ukiwekwa kwenye ukurasa wote mwanafunzi hataweza kushuka kulifikia swali la pili.